Minazi Iliyobaki Bustanini

Jumba la Sita, ghorofa ya tatu,
Michenzani, Zanzibar.
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Tahir,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na wifi yangu Ulfat na binti yenu, mwanangu Biasha. Goti lako limekuwaje? Mara ya mwisho uliniambia unashuka ngazi kwa kinyumenyume, nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kuwa na mimi siku hizi nashuka hivyo hivyo.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika imetukalia. Nguo nazianika barazani, nazianua, nazianika tena, na bado zinanuka maji. Ndugu yetu Salhiya yuko kwake Chake Chake, amepata mjukuu wa pili, na kama kawaida yake anasema mtoto kafanana naye.

Shangazi Mwatum anakusalimu sana. Alitaka salamu zake zitangulie zangu, nikamwambia nimeshaanza, akanuna kidogo. Macho yake yamepungua. Moja madaktari wameshakata tamaa nalo, na la pili anasema anaona kama mtu aliyejifunika shela. Watu anawajua kwa sauti na kwa mwendo wao. Chumvi anaijua vilevile, na kila siku ananiambia nimepunguza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu tunazo. Shangazi ndiye aliyetaka. Anasema neno likiingia kwenye kile kikundi chetu cha familia, kesho yake liko Kariakoo. Basi barua hii inakuja na mtoto wa Nahodha anayerudi huko kwenu ng'ambo kusoma. Ukishaisoma usiipige picha ukamtumia mtu, hata ndugu yetu Mahfoudh. Hasa Mahfoudh.

Nianze na lile la Sikukuu. Siku ya Idd pili Mahfoudh alikuuliza kikundini utarudi lini nyumbani, nawe ukamjibu: nyumbani wapi, nyinyi mna minazi yenu, mimi nimelelewa juu ya saruji. Mahfoudh akaweka vile vikaragosi vyake vya kucheka, wengine wakafuata, maneno yakapita. Mimi sikucheka. Shangazi kila jioni hutaka nimsomee kikundi kizima, hata matangazo ya mchele, na nilipofika hapo akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaondoa mkono kwenye sahani na hakula tena.

Nakujua, Tahir. Wewe jambo likikuuma ndipo unapolifanyia mzaha. Tena hilo limekuuma tangu utotoni.

Sote tumekua na maneno hayo hayo, kwamba kila mjukuu aliyezaliwa katika nyumba ya Bibi Biasha, kabla haijavunjwa kupisha majumba haya, kitovu chake kilizikwa uani na juu yake ukapandwa mnazi. Ile nyumba ilivunjwa pamoja na za majirani, minazi ikaachwa, na ardhi yenyewe ikazungushiwa seng'enge ikawa bustani ya watu wote. Bibi akahamia ghorofani, ua wake ukawa na lango la serikali.

Wewe ulikuja baada ya hapo. Mama yako, Mungu amrehemu, alifariki kwao Makunduchi siku chache baada ya kukuzaa, na mzee wako, Baba mdogo Ubwa, akakuleta kwa Bibi umefungwa ndani ya kanga ya marehemu. Ulikulia humu humu ninamokaa mimi sasa. Nakumbuka siku uliyomuuliza Bibi, na sisi sote tuko hapo, mnazi wako uko wapi. Bibi alikuwa anachagua mchele. Akasema, "Hilo haliulizwi," akaendelea kuchagua mchele wake. Wewe ukalichukua jibu lile kuwa huna. Na sisi tukalichukua hivyo hivyo.

Sasa nikupe habari za bustani, maana huko ndiko yalikotokea.

Mwezi uliopita tulitangaziwa kuwa itatengenezwa upya, na kwamba wote waliowahi kukaa pale, au wazee wao, waje alasiri moja na picha zao na kumbukumbu zao. Kutakuwa na ukuta wa kuzihifadhi. Nikamvisha Shangazi buibui lake la kutokea, tukenda. Viti vimepangwa, maji ya chupa, sambusa. Watu walikuja mpaka kutoka Amani na Mwera, wengine sikuwaona tangu tulipokuwa tukikaa foleni ya unga. Tulikumbatiana tukalia, halafu tukaanza kutazamana nani kazeeka zaidi.

Aliyesimamia ni binti mmoja aitwaye Shadya, msanifu wa majengo. Ana adabu yake. Alimwamkia kila mzee peke yake, shikamoo moja baada ya nyengine, mpaka nikahofu adhana ya magharibi itatukuta hatujaanza. Alitandika ramani kubwa juu ya meza, akatugawia vikaratasi vya rangi, kila mtu abandike pale ilipokuwa nyumba yao.

Hakuna aliyeiona nyumba yake. Unamkumbuka Nahodha, golikipa wa mtaa? Siku hizi hawezi hata kuinama kufunga viatu. Aliibandika nyumba ya wazee wake juu ya choo cha bustani. Bi Amne akasema bomba la maji lilikuwa mlangoni kwao, mwenziwe akasema lilikuwa mlangoni kwao yeye, na ule ugomvi wa ndoo wa zamani ukafufuka pale pale, nao wagomvi wenyewe wana vijukuu. Shadya wa watu kasimama na kalamu yake hajui aandike nini.

Mwisho Nahodha akaiacha ramani, akaingia majanini, akasimama kando ya mmoja wa ile minazi. Akasema hapa ndipo uani kwa Bi Biasha, basi ukuta wa kwetu ulipita hapa. Bi Amne akamfuata, akasimama pake. Wengine wakafuata. Kutoka kwenye minazi yetu mtaa mzima ukajipanga upya, kila mtu kasimama ndani ya nyumba yake isiyokuwepo, wanasemezana kupitia madirisha yasiyokuwepo. Bi Amne akamwambia Nahodha kuku wenu wanaingia kwangu. Tulicheka, lakini hakuna aliyetaka kutoka nyumbani kwake.

Walikumbuka mengi. Wengi walisema habari ya ile televisheni ya serikali iliyowekwa bustanini ndani ya kijumba chake, na mtaa mzima tukikaa chini kuitazama, wanawake upande wa lango, wanaume upande wa pili, na Mzee Mkadam, mtunza bustani, akipita katikati na fimbo ili asikanyage mtu maua yake. Wewe ulikuwa ukilala mapajani mwa Bibi kabla taarifa ya habari haijaisha. Hilo nililisema mimi, na Shadya akaliandika.

Halafu akatuonesha mchoro wa bustani mpya. Ni nzuri, sitasema uongo. Njia za matofali, taa, pahala pa watoto pa kuchezea. Lakini minazi haimo. Nikauliza. Akanijibu kwa upole kuwa imezeeka, makuti na nazi huanguka, na mtu akiangukiwa ni msiba. Ila, akasema, baada ya aliyoyaona leo, mnazi ukijulikana kuwa ni wa mtu fulani, yeye ataweza kuutetea ubaki, na utawekewa kibao chenye jina la mwenyewe. Nilifurahi nikainuka niseme. Shangazi akanifinya paja mpaka nikakaa.

Jina la mtu juu ya mnazi wake, hadharani, kila mpita njia asome! Wewe hukuwahi kuijua hii, kwa hiyo nikueleze. Kwa Bibi, mnazi wa kitovu haujulikani ila na aliyeupanda na mwenyewe, basi. Ukijulikana, mtu mwenye hasadi ameshapata pa kukushikia. Na mwenyewe huoneshwa siku anapooa au kuolewa, si kabla. Mimi Bibi alinipeleka kwenye wangu asubuhi ya harusi yangu, hina mikononi haijakauka vizuri, akanishikisha gogo lake, tukarudi kama tuliokwenda kununua mkate. Mume wangu, Mungu amrehemu, ameingia kaburini hajaujua.

Tuliporudi nyumbani tuligombana, mimi na Shangazi. Nilimwambia asiposema itakatwa yote. Akaniambia akisema ameziweka sokoni roho za watoto. Katika waliokuwa na Bibi aliyebaki ni yeye tu, na kila mnazi anajua ni wa nani. Siku kadhaa tulikaa hivyo, tunasalimiana na kupakuliana tu. Nilimwonea huruma. Aliachiwa amana, na sasa anaambiwa ili ailinde lazima aitoe nje.

Asubuhi moja akataka buibui lake, akaniambia nimwite yule binti. Tulipofika bustanini aliniketisha kwenye benchi, uso kuelekea barabarani, akaniambia nisigeuke. Mimi, mwanamke wa miaka yangu hii, nikakaa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nikasikia ndara zake zinakwenda, zinasimama, zinakwenda, zinasimama. Anausogelea mnazi, anaupapasa, anamwambia Shadya neno moja tu. Huu mwenyewe yuhai. Huu mwenyewe katangulia. Majina hakutaja. Walipomaliza akamwambia, hii nikaisikia kwa kuwa walikuwa wameshafika karibu yangu, kwamba ya waliotangulia waikate kama hawana budi, haiwadhuru tena, lakini ya walio hai waiache.

Shadya hakubisha. Alikwenda kuzungumza na wakubwa zake, na baada ya wiki akatuletea jibu mwenyewe mpaka juu huku, anahema kwa ngazi. Ya walio hai itabaki, bila ya kibao, na mkwezi atakuja kuziangua nazi kabla hazijaanguka zenyewe. Nikamwambia akae, nikamtilia chai.

Miwili ilikatwa Jumatatu. Nilikuwa dirishani. Nilijua kuwa mmoja lazima ni wa kaka yetu Pandu na mwengine wa yule dada yetu aliyefariki akiwa bado ananyonya, lakini upi wa nani sikujua. Basi niliililia yote miwili. Pandu namlilia mpaka leo, unajua.

Halafu nikaitazama iliyobaki. Minne. Wajukuu waliozaliwa katika nyumba ile na bado wako hai ni mimi, Salhiya na Mahfoudh. Nikahesabu tena kwa vidole. Nikaenda jikoni, Shangazi kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamwambia, "Shangazi, umekosea. Umeuacha mnazi wa maiti."

"Sikukosea."

"Sisi watatu, minazi minne. Huo wa nne wa nani?"

"Wa Tahir," akasema, na mkono haukusimama kukuna.

Ndugu yangu, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Anasema uliletwa hapa kitovu bado hakijakatika. Kikakatika humu ndani, na Bibi akakaa nacho kiganjani hajui pa kukipeleka. Chini saruji, ukutani saruji, juu saruji. Ndugu zake mama yako walikwishatuma mtu kutoka Makunduchi, wanakitaka wakakizike kwao, na ilikuwa haki yao kukitaka. Bibi alimkirimu yule mtu, akampa chakula, akampa na kanga za kuwapelekea wakwe, lakini kitovu hakumpa. Alimwambia mtoto huyu kashampoteza mama, sitaki awapoteze na ndugu.

Siku ya pili yake Bibi na Shangazi wakateremka bustanini mchana kweupe. Shangazi alikuwa msichana wakati huo, ndiye aliyekubeba. Mzee Mkadam kasimama langoni na fimbo yake. Unamkumbuka alivyokuwa, ukichuma ua moja tu anakuja kushitaki kwa mzee wako. Bibi hakumficha kitu. Alimwambia, "Mkadam, hapa palikuwa uani kwangu. Mjukuu wangu huyu hana pa kuzikwa kitovu."

Mzee Mkadam akailaza fimbo chini, akenda kuleta jembe. Alichimba mwenyewe. Bibi akaweka, akasoma alichosoma, na Mzee Mkadam akapanda mche wa mnazi pamoja na ile mingine kana kwamba ni kazi aliyotumwa. Watu wakadhani ni mti wa serikali. Akaumwagilia miaka yote aliyokuwa pale, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo sisi wengine tulipandiwa na bibi yetu kienyeji, wewe peke yako ulipandiwa na mtumishi wa serikali, tena saa za kazi.

Bibi aliposema haliulizwi hakuwa na maana huna. Wewe ndiwe uliyemtia hofu kuliko sisi sote, mtoto asiye na mama, mnazi wenyewe umeingia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo alikuficha kuliko sisi. Alikuwa anangoja uoe akuoneshe. Nawe ukaenda kuoa huko Coventry, ukatuletea picha za harusi zenye mvua. Shangazi anasema Bibi alizipokea picha zile, akazisifu sana, kisha akasema basi atangoja. Alingoja mpaka alipofariki, na amana akamwachia Shangazi.

Unakikumbuka kiti chake cha dirishani? Kila alasiri anakaa pale na wewe mapajani, baadaye na wewe pembeni yake, baadaye peke yake. Sisi tulidhani anaitazama iliyokuwa nyumba yake, na tukimsikitikia. Nyumba alikuwa ameshaisahau. Mnazi wako unaonekana vizuri kutoka dirisha hili, uko

(Hapo nilikuwa nabahatisha tu, nimefuta. Utajua kwa nini.)

Shangazi anauliza pia kitovu cha Biasha mlikizika wapi. Nilimwambia nadhani huko hospitali ndiko wanakokitupa. Hakunisemesha mpaka magharibi. Kwa hiyo ukija uwe na jibu zuri.

Nilitaka nikupigie simu saa ile ile, nikuoneshe minazi kwa kamera, tulie pamoja. Shangazi akanikataza. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwandikie kuwa anao. Ulipo, usimwandikie. Aje, n'tamshika mkono mwenyewe nimpeleke."

Sasa nisikilize. Mimi wangu naujua. Katika mitatu mingine mmoja ni wako, na sijui upi, na hata kama nisingeogopa kumuuliza asingeniambia. Salhiya na Mahfoudh wanaijua yao, lakini hawatakwambia, na mimi nisingewaruhusu. Shadya aliyaona yote lakini hajui nani ni nani. Aliyebaki anayeujua ni mtu mmoja. Anasema macho hayahitaji, anaujua kwa kuupapasa, na mimi namwamini. Lakini umri wake unaujua, na pumzi zake za ngazini nazisikia mimi, husikii wewe. Akitangulia kabla hujaja, utabaki na mitatu ya kubahatisha, na hakuna atakayeweza kukusaidia.

Sikulazimishi. Najua kazi, najua goti. Nasema tu kwamba yale uliyomjibu Mahfoudh si kweli, na hayajawahi kuwa kweli hata siku moja tangu ukiwa na siku chache duniani. Ulipiganiwa, Tahir. Ulipiganiwa na watu wa Makunduchi na watu wa mtaa wetu huu wa Kikwajuni, na wewe miaka yote unadhani hakuna aliyekutaka. Hilo ndilo linaloniliza ninapoandika.

Chumba chako kipo. Kina mashine ya kushonea ya mamake Salhiya na magunia mawili ya vitu vya Mahfoudh, nitavitoa.

Nisalimie Ulfat, mwambie viungo vya pilau nilivyomwahidi nimempa mtoto wa Nahodha, vimefungwa ndani ya soksi zake mpya ili visinuke sandukuni. Nisalimie Biasha, mwambie jina alilonalo si la kubeba bure, akija nitampa kiti cha dirishani. Wasalimie na wale jamaa zetu wa msikitini huko wanaokuletea samaki. Huku wanakusalimu Nahodha, Bi Amne, Salhiya na wanawe, na Mahfoudh, ingawa hajui kwamba anakusalimu.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, akupe nafasi na afya ya kuja, na amweke Shangazi mpaka mikono yenu ikutane. Amin.

Barua hii nimemsomea Shangazi yote, neno kwa neno. Ule mstari, ijapokuwa wa kubahatisha, yeye ndiye aliyenifanya niukate, na akanitaka niupitishie wino mpaka akausikia umekwaruza karatasi. Kwa hiyo usihangaike kuuinua kwenye mwanga wa dirisha la huko. Utausoma ukija, kwa kiganja chako.

Mimi dada yako akupendaye, niliyekwisha kuoneshwa wangu, na ninayekungojea uoneshwe wako,

Ummkulthum